Pistoni za injini ya lori: mwongozo kamili wa kuchagua kabla hujafunga injini

Ukienda Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi ukamwambia jamaa wa dukani nipe pistoni za Howo 371, seti nzima utaletewa chap, pistoni sita, slivu sita (yale mabomba ya chuma ambamo pistoni inatembea), ringi, pini na saklipu za kuzuia pini isitoke, na bei utatajiwa hapo hapo. Sasa shida inaanzia hapo, maana 371 ni nguvu za farasi tu, haikwambii bakuli la pistoni, yaani lile shimo la kichwani mwake, likoje, haikwambii pini ina unene gani, wala kama injini iliyomo ni ya pampu ya kawaida au ya komoni reli (mfumo wa dizeli wa presha kubwa). Na tangu gari litoke Uchina injini imeshabadilishwa mara ngapi, nani anajua. Msimamo wangu mimi ni mmoja: pistoni hainunuliwi kwa jina la gari, inanunuliwa kwa vipimo, na vipimo unavitoa kwenye injini yenyewe kabla hujatoa hela mfukoni.

Nitatumia zaidi mfano wa WD615, injini ya Kichina inayokaa kwenye hizo Howo, kwa sababu ndiyo imejaa barabarani kwetu, kuanzia bandarini Dar mpaka Tunduma na kuvuka Zambia hadi Lubumbashi. Ni silinda sita, boa (upana wa silinda) 126 mm, stroki (safari ya pistoni juu mpaka chini) 130 mm, lita 9.726, kila silinda na hedi yake, yaani kifuniko chake cha juu. Ila utaratibu ni ule ule kwa Scania, Mercedes, Fuso, Isuzu au Cummins, kinachobadilika ni namba.

Vifaa kwanza. Hapa sitaki mtu aniambie vernia inatosha, vernia ya kawaida inasoma mbili ya mia au tano ya mia ya milimita, na kiliarensi ya pistoni nzima, yaani mwanya kati yake na ukuta wa silinda, ni kama kumi na tano ya mia hivi, kwa hiyo kosa la kifaa peke yake linakula theluthi ya unachopima. Tafuta maikromita ya nje ya saizi yako, na angalia vizuri maana zinakuja kwa hatua za 25 mm, ya 100 mpaka 125 itakufaa kwa Isuzu 6HK1 yenye boa 115 lakini kwenye WD615 itakuishia njiani, unataka ile ya 125 mpaka 150. Halafu boa geji ya kupima ndani ya silinda, dayo geji (saa ya mshale) yenye stendi, fila geji (vibati vya kupima mianya), vernia kwa vipimo vingine, na mzani wa digitali unaosoma gramu. Kama karakana yako haina, fundi wa mashine ya kuchonga anavyo, mlipe akupimie mbele yako na uandike mwenyewe.

Hatua ya kwanza: ijue injini, achana na kebini

Futa grisi kwenye bloku utafute kibati na namba zilizogongwa. Andika aina kamili ya injini pamoja na namba yake ya kuzaliwa, piga na picha. Herufi na namba za mwisho baada ya jina la injini ndizo zinazotofautisha pistoni, watu wengi wanaandika WD615 wanaishia hapo, wakati familia hiyo ina matoleo kibao ya nguvu tofauti na ya mfumo tofauti wa mafuta. Ukiwa na gari la Marekani, zile Freightliner na International zinazoletwa zimetumika, ndiyo kabisa usikisie, lori lile lile linaweza kuwa na Detroit Series 60, Cummins au Caterpillar ndani.

Kama ovaholi (kufungua injini na kuitengeneza upya) iliwahi kufanyika huko nyuma, kibati nacho hakitoshi, kitakwambia injini ilizaliwaje ila hakitakwambia fundi aliyepita alifunga nini. Ndiyo maana pistoni ya zamani lazima uitoe uione.

Hatua ya pili: isome pistoni ya zamani

Zitoe zote, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda, ziandike namba kwa maka peni upande wa mbele wa injini uonekane. Usizioshe bado. Ule uchafu ni ushahidi, na ukinunua pistoni mpya bila kujua iliyopita iliuawa na nini utazifuata nazo dukani tena baada ya safari chache.

Sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, ikiwa imekwaruzika pande zote kuzunguka, hasa pistoni kadhaa kwa pamoja, mara nyingi injini ilichemka, kwa hiyo rejeta, wota pampu na thamostati viangaliwe kabla ya kitu kingine. Ikiwa imekwaruzika upande mmoja tu ule unaosukumwa na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), fikiria oili, ama ilipungua ama imechanganyika na dizeli ikawa nyepesi kama maji. Kichwa kikiwa kimeyeyuka au kimetoboka ni moto kupita kiasi mahali pamoja, na mshukiwa wa kwanza ni injekta inayochuruzika au inayopiga upande, wa pili taimingi iliyosogezwa mbele. Nyufa kwenye mdomo wa bakuli zinakuja kwa injini iliyofunguliwa pampu ili ipate nguvu ya kupanda mlima Kitonga na tani za ziada, au kwa nozeli ya oili ya kupoza pistoni iliyoziba.

Sketi ikiwa imefifia rangi ya kijivu, mistari ya kuvuka ya honi (ile inayosuguliwa kwa mawe ili ishike oili) imeisha kwenye slivu, ringi zimekuwa nyembamba kama wembe na mfereji wa ringi ya juu umepanuka, hilo ni vumbi. Vumbi linapita kwenye eya klina iliyopigwa hewa mpaka karatasi imetoboka, au kwenye mpira wa kwenda kwenye tabo (tabochaja) uliolegea klipu. Hapo pistoni bora kuliko zote duniani hazitafika mbali kama hujaziba huo mpira.

Ukishajua chanzo ndiyo uoshe. Usikwangue kichwa cha pistoni kwa patasi, huko juu kuna maandishi unayoyataka. Watengenezaji kama Mahle na Kolbenschmidt wanagonga kichwani kipenyo cha pistoni na kiliarensi inayotakiwa, pamoja na mshale wa mbele. Ukijumlisha kipenyo na kiliarensi unapata saizi ya boa ambayo pistoni ile ilitengenezewa, kwa hiyo pistoni yenyewe inakwambia kama ni standadi (saizi ya kiwandani) au ovasaizi (kubwa zaidi, ya boa lililochongwa). Loweka kwenye dizeli, sugua kwa brashi laini, soma, andika.

Hatua ya tatu: pima boa, hapo ndipo saizi inaamuliwa

Kwanza ujue bloku yako ni ya aina gani kati ya tatu, maana swali la ninunue ovasaizi au standadi linajibiwa hapa na si dukani.

Kuna bloku isiyo na slivu kabisa, pistoni inatembea kwenye chuma cha bloku chenyewe, mfano mzuri ni Cummins 6BT ya lita 5.9 yenye boa 102 mm. Hii ikiisha inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa Cummins hiyo ovasaizi zake ni 0.50 na 1.00.

Kuna slivu kavu, imebanwa ndani ya bloku na maji hayaigusi. WD615 iko hivi, slivu yake ni nyembamba sana, na Fuso na Isuzu nyingi za kati ziko hivi pia. Hapa unatoa slivu ya zamani unaweka mpya na pistoni unabaki standadi. Lakini sikiliza, slivu kavu zinauzwa za namna mbili, kuna iliyomalizwa ambayo ukiiweka ipo tayari, na kuna ambayo haijamalizwa ambayo lazima ikishabanwa ndani ichongwe na kuhoniwa mpaka saizi. Uliza, na ukishaiweka pima, hata kama umeambiwa imemalizwa, kwa sababu slivu nyembamba ikibanwa kwenye bloku lililopinda nayo inapinda. Isuzu nyingi zina madaraja ya slivu na pistoni yaliyogongwa namba au herufi, usichanganye daraja hili na lile.

Halafu kuna slivu ya maji, nene, inazungukwa na kulanti (maji ya kupoza injini) na inashikwa na o-ringi chini. Scania za mfululizo wa 113 na 124, Mercedes OM457, Cummins 6CT, zote ziko kwenye kundi hili. Hapa habari ya kuchonga sahau, slivu na pistoni vinanunuliwa pamoja kama seti. Slivu ya zamani igeuze uangalie mgongo wake, ukiona vishimo vidogo vidogo vimejipanga upande mmoja kama vile imeliwa, hiyo inatokana na kulanti isiyo na dawa, gari limekuwa linajazwa maji ya bomba.

Kupima kwenyewe: kila silinda ngazi tatu, juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati, na chini, na kila ngazi pande mbili, sambamba na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kuvuka kranki. Vipimo sita kwa silinda, thelathini na sita kwa injini ya silinda sita, na vyote uviandike kwenye karatasi. Juu kukiwa kumekula kuliko chini hiyo ni kuchakaa kwa kawaida, ila pande mbili za ngazi moja zikitofautiana sana boa limekuwa yai, na ringi mpya hazitaziba yai. Kikomo kiko kwenye kitabu cha injini.

Swali linaloulizwa sana ni kama mtu anaweza kubadilisha pistoni moja tu iliyovunjika akaacha tano. Kwa injini ya slivu inawezekana kama nyingine zote umezipima ziko ndani ya kikomo na uzito unalingana, nimeona zinafanya kazi vizuri. Kwenye bloku lisilo na slivu sishauri, utakuwa na silinda moja ya ovasaizi na nzito kuliko wenzake.

Hatua ya nne: linganisha mpya na ya zamani pale pale kaunta

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote, kwa hiyo nitakaa hapa. Usiende dukani mikono mitupu, beba pistoni moja ya zamani iliyooshwa pamoja na pini yake na konrodi yake, na vernia. Muuzaji mwelewa hatachukia, na anayechukia ukipima pistoni zake nenda duka la pili.

Kipimo cha kwanza ambacho wengi wanakiruka ni urefu kutoka katikati ya tundu la pini mpaka juu ya kichwa. Hakionekani kwa macho na ndicho kinachobeba kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi pistoni ikifika juu. Unakipata hivi: pima kutoka ukingo wa juu wa tundu la pini mpaka uso bapa wa kichwa, kisha ongeza nusu ya kipenyo cha tundu. Tuseme umepata 55.0 na tundu ni 50.0, basi urefu wako ni 80.0. Fanya hivyo kwa ya zamani na kwa mpya, zilingane.

Kwa nini nasisitiza hivi? Tupige hesabu ya WD615. Silinda moja inafagia sentimita za ujazo 1,621. Tuchukulie kompresheni ni 17 kwa 1, ina maana pistoni ikiwa juu kabisa inabaki nafasi ya kama 101. Sasa umefunga pistoni fupi kwa milimita moja tu, kwa boa la 126 hiyo milimita inaongeza nafasi kwa 12.5 hivi, inakuwa kama 114, na kompresheni inashuka mpaka 15.2 kwa 1. Nusu milimita inakupeleka 16. Milimita moja huioni kwa macho lakini dereva aliyelala Makambako au Mafinga mwezi wa saba ataiona asubuhi, starta inazunguka, moshi mweupe unatoka, gari halishiki, na ikishika inagonga mpaka ipate moto. Ikiwa ndefu ni mbaya zaidi, inaweza kugusa hedi au valvu.

Na kuna kisa cha pistoni fupi zinazotengenezwa makusudi. Bloku likichongwa uso wa juu pistoni inapanda zaidi, kwa hiyo watengenezaji wengine wanatoa pistoni zilizopunguzwa urefu kwa sehemu za kumi za milimita kadhaa kwa ajili ya bloku kama hilo. Ni bidhaa halali, boksi linaandikwa, ila ikiangukia kwenye bloku ambalo halijachongwa ndiyo unapata ile asubuhi ya Mafinga niliyoieleza.

Kipimo cha pili ni bakuli. Weka pistoni mbili sambamba uangalie upana wa mdomo, kina, na kile kilima cha katikati. Bakuli la injini ya pampu ya kawaida mara nyingi ni la kina na mdomo uliobana kidogo, la komoni reli linaelekea kuwa pana na la kina kifupi kwa sababu presha ya injekta ni kubwa na tundu za nozeli zinapiga kwa pembe nyingine. Bakuli na nozeli ni kitu kimoja, ukibadilisha kimoja bila mwenzake dizeli inapiga ukingoni badala ya ndani ya bakuli, inaosha oili kwenye ukuta wa slivu, moshi mweusi, na kichwa kinaungua pembeni. Ndiyo maana pia washa ya kopa chini ya injekta iwe moja na ya unene ule ule, fundi akiweka mbili nozeli inapanda na mlengo unapotea hata kama pistoni ni sahihi.

Ukitaka uhakika wa bakuli, pima ujazo. Paka grisi nyembamba ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu chenye tundu dogo, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano huku unahesabu mililita. Fanya kwa ya zamani na mpya. Mililita moja au mbili siyo neno, zikitofautiana sita hiyo kwa WD615 ni sawa na ile nusu milimita ya hapo juu, rudisha.

Tatu, pini. Pima kipenyo cha pini mpya na bushi ya konrodi, na uangalie umbo la sehemu inayokaa konrodi. Konrodi nyingine juu ni bapa pande zote, nyingine imechongwa kama kabari, nyembamba juu nene chini, na pistoni yake ina mabega yaliyofuata umbo hilo. Konrodi bapa haiingii kwenye pistoni ya kabari. Ukiweka konrodi ya kabari kwenye pistoni ya bapa itaingia bila shida, ila utakuwa umepoteza sehemu ya eneo la kubebea mzigo na bado utaona kila kitu kiko sawa mpaka siku bosi ya pini (bega la pistoni lenye tundu la pini) itakapopasuka. Ndiyo maana nikasema ubebe na konrodi.

Nne, njia ya oili. Geuza pistoni uangalie ndani chini ya kichwa. Pistoni za injini nzito zenye tabo nyingi zina mfereji wa duara uliofichwa ndani ya kichwa, una tundu mbili, oili inarushwa na nozeli ya chini inaingia tundu moja inatokea jingine ikiwa imebeba joto. Kama yako ya zamani ina mfereji huo na mpya haina, usiichukue hata kama ni bei ya kutupa. Angalia tundu la kuingilia liko upande ule ule, na chini ya sketi kuna mkato wa kupishana na nozeli pistoni inaposhuka, bila mkato huo pistoni inagonga nozeli, inaipinda, na kuanzia hapo silinda hiyo haipozwi tena.

Tano, mikato ya valvu kichwani, mahali mshale ulipo, na mifereji ya ringi. Mfereji wa juu kwenye pistoni nzuri ya alumini ya dizeli umewekewa pete ya chuma cha nikeli iliyounganishwa na alumini, utaiona kama utepe wa rangi tofauti kidogo kuzunguka mfereji. Usijaribu kuitafuta kwa sumaku, chuma hicho kwa kawaida hakishiki sumaku, tumia macho. Pistoni isiyo nayo, mfereji wa alumini tupu unapanuka haraka kwa kugongwa na ringi.

Sita, uzito. Pima zote sita pamoja na pini zake, andika. Injini za lori zinaruhusu gramu chache tu kati ya nzito na nyepesi, na seti ya kiwanda kizuri huwa imeshapangwa. Ukikuta moja imepishana sana na wenzake kwenye boksi moja, boksi hilo limechanganywa, mwombe akubadilishie seti nzima.

Alumini au chuma?

Usibadilishe aina. Kama injini ilikuja na alumini funga alumini, ilikuja na chuma funga chuma, isipokuwa mtengenezaji wa injini mwenyewe ametoa seti mbadala yenye namba yake. Sababu siyo ugumu tu. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha kuyeyusha, kwa boa la 126 kila joto likipanda nyuzi 100 pistoni ya alumini inakua kama 0.26 mm wakati slivu ikipata joto hilo hilo inakua kama 0.14. Kwa hiyo kiliarensi za baridi za hizi mbili hazifanani, uzito haufanani, na kranki ilisawazishwa kwa uzito fulani.

Kwenye injini za Marekani utakutana na pistoni za vipande viwili, kichwa chuma na sketi alumini, vinaungana kwenye pini, Cat 3406E ni mfano na Series 60 nyingi nazo kichwa na sketi ni vipande tofauti. Faida yake unaweza kubadilisha sketi peke yake kama kichwa ni kizima, na kichwa kinarudi kazini baada tu ya kukaguliwa nyufa na mifereji kupimwa.

Jenuini, aftamaketi na feki

Watu wanadhani kuna mawili tu, jenuini na feki. Kiwanda cha lori mara nyingi hakitengenezi pistoni zake, kinanunua kwa Mahle, Kolbenschmidt na wenzao, halafu kinaweka boksi lake. Kwa hiyo pistoni ya Mahle au Kolbenschmidt kwenye boksi lao wenyewe yenye pati namba inayolingana na injini yako ni chaguo zuri, na kwa za Kijapani pistoni za Izumi na ringi za NPR au Riken zinaheshimika. Hizo ni aftamaketi na siyo feki.

Feki ni ile iliyovaa jina la mwingine. Angalia maandishi kichwani, yawe yamegongwa au kuchorwa kwa mashine kwa usafi, na kipenyo kilichoandikwa ukikipima kwa maikromita kitokee kweli. Angalia ndani ya pistoni kusiwe na matundu madogo ya hewa ya kumimina wala mabaki ya mchanga. Pini iwe imesuguliwa inang'aa bila mistari. Rangi nyeusi ya grafiti kwenye sketi iwe sawasawa, na hiyo rangi usiitoe, ipo ili kusaidia wakati injini mpya inajizoeza. Mimi ningependa mtu anunue aftamaketi ya jina dogo iliyopita vipimo vyote kuliko boksi zuri ambalo mwenye duka hataki ulifungue.

Na kabla ya kulipa andikisha kwenye risiti kwamba zitarudishwa kama hazilingani, kabla hazijafungwa.

Hatua ya tano: ukaguzi wa karakanani kabla hazijaingia

Kiliarensi: pima pistoni kwenye sketi, upande unaovuka pini kwa digrii 90, kwenye urefu ambao kitabu kimesema, siyo popote, kwa sababu pistoni si duara kamili na juu ni nyembamba kuliko chini. Toa kwenye kipimo cha boa. Pistoni na slivu viwe vimelala chumba kimoja usiku kucha, ukipima pistoni iliyotoka juani na slivu ya kivulini namba zinadanganya. Ukishapima kila pistoni andika na silinda yake.

Ringi: ingiza ringi peke yake kwenye slivu, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha kwa fila geji. Kitabu ndicho kinachoamua, ila kama makadirio tarajia 0.3 mpaka 0.4 mm kwa kila 100 mm za boa, kwa 126 ni kama 0.38 mpaka 0.50. Ukibana sana ncha zinagusana zikipata moto, ringi inavunjika na inachora slivu. Maandishi ya TOP yaangalie juu, ringi ya kwanza nyingi zimekatwa kabari kwa hiyo usizilazimishe mfereji usio wake, na nafasi za ncha zigawanye kuzunguka, zisikae mstari mmoja wala juu ya pini. Ringi zipanuliwe kwa koleo lake, siyo kwa bisibisi.

Pini: pistoni ya alumini ichemshe kwenye maji au oili nyuzi 80 mpaka 100, pini itaingia kwa mkono. Ukiipiga nyundo unaipinda pistoni. Saklipu ziwe mpya kila mara, izungushe uhakikishe imekaa kwenye mfereji wake.

Kabla ya kuingiza pistoni hakikisha kila nozeli ya oili imesafishwa na haijapinda. Slivu zioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa brashi mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha paka oili. Dizeli peke yake haitoi unga wa honi, unga huo ukibaki unasaga ringi mpya kuanzia dakika ya kwanza. Kwa slivu ya maji pima inavyochomoza juu ya uso wa bloku kabla ya kufunga, zote ziwe ndani ya kikomo na zisipishane.

Hatua ya sita: kimo cha pistoni na gasketi

Ukishafunga konrodi na kukaza kwa tokirenchi, zungusha kranki pistoni ifike juu kabisa, weka dayo geji kwenye uso wa bloku uifanye sifuri, kisha pima kichwa cha pistoni sehemu mbili zilizo juu ya mstari wa pini. Ukipima upande mwingine pistoni inacheza na utapata namba ya uongo. Chukua wastani, rudia silinda zote. Injini nyingi za Kijapani zina gasketi za unene tofauti zinazotambulika kwa vikato pembeni, na unene unachaguliwa kwa kimo hiki. Usichukue ya zamani ukaiga vikato vyake kama pistoni zimebadilika. Hapa ndipo utagundua kama kuna pistoni moja fupi imejichanganya, bado hedi haijarudi na bado unaweza kuirudisha dukani.

Baada ya kuwasha

Oili mpya, filta mpya, zungusha kwa starta bila kuwasha mpaka presha ya oili ipande. Ikishawaka usiiache sailensa (mwendo wa chini bila mzigo) inanguruma masaa mawili pale yadi ukidhani unaizoesha, ringi za dizeli zinahitaji mzigo wa wastani zikae kwenye slivu, ikilala sailensa muda mrefu ukuta unakuwa laini kama kioo na gari linaanza kula oili kabla halijafanya kazi. Ipate moto, angalia uvujaji, kisha itoke barabarani na mzigo wa kiasi, ibadilishwe mwendo mara kwa mara, usiipeleke Kitonga na tani kamili safari ya kwanza na usikokote gia kubwa kwa mwendo mdogo.

Kwenye kujaza oili fungua kifuniko ikiwa inanguruma, kupumua kidogo mwanzoni ni kawaida na kunatakiwa kupungue kadiri ringi zinavyokaa. Kukiongezeka rudi karakanani. Oili ya kwanza imwage mapema kuliko kawaida, na filta ya zamani ikate kwa msumeno, ifungue karatasi yake uitandaze juani. Vumbi laini la kijivu kidogo utalikuta, hilo ni la kujizoesha. Vipande vinavyong'aa vya alumini au vya kopa, gari lisiondoke yadini, shusha sampu (karai la oili la chini ya injini) uangalie sketi za pistoni kwa chini na beringi za konrodi ukianza na silinda ambayo kiliarensi yake kwenye karatasi yako ilikuwa ndogo kuliko zote.